Meno Sita ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu aling'olewa meno sita asubuhi moja mjini Thika, akiwa hajatimiza miaka minne, na mimi ndiye niliyemshika mikono. Manne yalikuwa ya mbele, ya juu, na mawili yalikuwa magego. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia habari hii kwa namna ya kujipa nafuu, nikaanza na mama yake kuwa mbali, au na majirani na ushauri wao. Kila nikifika katikati naona nimejikwepa. Kwa hivyo nitaieleza ilivyokuwa.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Thika kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nilifundisha Kiswahili na dini. Nilipostaafu nilihamia Mwihoko, upande wa Ruiru, kwenye vyumba viwili ndani ya ploti yenye wapangaji wengi na bomba moja la maji. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Mtoto wangu ni mmoja tu, msichana, na alipojifungua bila kuolewa hapakuwa na upande wa baba wa kudai jina, basi mtoto akapewa langu. Kwetu mtoto aliyebeba jina la nyanyake huheshimiwa kama nyanyake, kwa hiyo binti yangu alimwita mwanawe "mami", na mimi akaendelea kuniita "Mama". Watu wa ploti walizoea.

Mtoto alipofika mwaka mmoja na miezi mitatu, binti yangu alipata kazi ya nyumbani Uarabuni. Alimwachisha ziwa wiki ile ile ya safari. Asubuhi ya kuondoka alipanga pakiti za maziwa juu ya kabati, akasafisha chupa ya mtoto mara mbili, akaniambia, "Maziwa tu, Mama, na maji. Akilia mbebe, atazoea."

Hakuzoea. Alilia usiku tisa mfululizo, na mimi nilikuwa na goti bovu na miaka sitini na mitatu. Siku ya kumi nilipika chai nyepesi ya maziwa, nikatia sukari kama ninayotia kwenye kikombe changu, nikaipoza, nikaijaza kwenye chupa. Alinyonya macho yakiwa wazi, kisha yakafumba, akalala na chupa mdomoni hadi kukakucha. Nilimshukuru Mungu kwa ile chupa. Siwezi kusema niliifanya mara moja au mbili. Niliifanya kila siku, kwa zaidi ya miaka miwili, na hakuna mtu aliyenishauri. Ilikuwa akili yangu mwenyewe.

Meno yake yalianza na mstari mweupe karibu na ufizi, mweupe wa chaki. Baadaye mstari ukawa wa manjano, halafu wa hudhurungi, na pembe za meno zikaanza kumeguka. Mama anayeuza mboga kwenye lango la ploti aliniona nikimkagua mtoto kwenye jua, akasema, "Si hayo ni ya utoto tu, Mwalimu? Yataanguka yenyewe, mengine yamee." Nilikubali haraka, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwaambia wazazi maneno hayo hayo. Nakumbuka mtoto mmoja wa darasa la pili aliyekuwa akishika shavu kipindi kizima. Nilimwambia akae wima aandike, kwamba jino la utoto halimuui mtu.

Mjukuu wangu akaacha kula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nilidhani ni deko. Akawa anachovya mandazi kwenye chai hadi yalainike, halafu anameza bila kutafuna. Mchana, watoto wenzake wakicheza, alilala sakafuni na kubandika shavu kwenye simenti, akabaki hivyo kimya kwa muda mrefu. Nilidhani anacheza, au anamkumbuka mama yake. Kumbe alikuwa anatafuta ubaridi. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa ameshagundua dawa yake peke yake, na mimi nilikuwa nikimwambia aondoke chini, atachafua nguo.

Jumamosi moja aliamka jicho la kulia limefumba kwa uvimbe. Shavu lilikuwa moto. Nesi wa kituo cha afya Ruiru alimfungua mdomo, akaufunga, akanitazama. Alitoa dawa ya kupunguza usaha na kuniambia uvimbe ukishuka nimpeleke kwa daktari wa meno, nisichelewe.

Nilimpeleka Thika kwa kuwa ndio mji niliouzoea. Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Daktari alikuwa msichana mdogo, mwenye sauti ya upole, wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho. Alimkalisha mtoto kwenye kiti kikubwa, akamulika, akahesabu kimyakimya.

"Shosho, huyu hulala na chupa?" aliniuliza, akiniita nyanya kwa lugha yetu.

"Hapana," nilisema.

"Hata ya maji?"

"Ya maji, ndiyo. Maji tu."

Alirudi kumulika. Hakubishana nami. Aliandika kwenye karatasi, kisha akavuta kiti akakaa karibu.

"Haya manne ya mbele yamebaki mizizi, na chini yake kuna usaha. Magego haya mawili pia hayaokoki. Tukiyaacha yanaweza kuharibu meno makubwa yanayokuja."

"Si ni ya utoto tu, daktari?"

"Ni ya utoto, lakini ndiyo anayotafunia chakula na ndiyo anayozungumzia. Na ya nyuma huwa yanashikilia nafasi ya meno makubwa. Yakitoka mapema, mengine yanaegemea pale. Tutaona baadaye."

"Mapya yatakuja lini?"

"Ya mbele, labda akifika miaka saba. Ya nyuma, kumi na kitu."

Nilihesabu moyoni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na nusu na zaidi kidogo.

Walinikalisha mimi kwenye kile kiti, mtoto mapajani, mgongo wake kifuani pangu. Msaidizi alishika kichwa, mimi nikashika mikono. Sindano ya ganzi ilimliza kweli, lakini baada ya hapo daktari alisema hasikii maumivu, anasikia tu kuvutwa na sauti. Nami niliisikia ile sauti. Ni kama mtu anayekanyaga changarawe mbali. Alipofika jino la tatu mtoto aliacha kulia. Aligeuza macho juu akanitafuta uso, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesubiri aelezwe jambo. Nilikaza mikono yake zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nikaze.

Niliomba meno yale, wakanifungia kwenye karatasi. Kwetu mtoto aking'oka jino hulirusha juu ya paa na kuomba jipya, na nilifikiri mchezo huo ungempunguzia. Jioni hiyo, pamba ikiwa bado mdomoni, alisimama uani akayarusha moja moja juu ya mabati. Kila lililotua lilitoa mlio mdogo, naye akageuka kuniangalia kama nimesikia. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kwa muda mrefu kumwona amechangamka.

"Mapya yatakuja?" aliuliza.

"Yatakuja."

"Kesho?"

"Karibuni," nilisema.

Mwalimu wa miaka yote ile, na nilishindwa kumwambia mtoto ukweli wa mambo ya muda. Kila asubuhi alikuja kitandani kwangu amejitia kidole mdomoni, akipapasa. "Bado, Shosho?" Nilimjibu bado kidogo. Alikuja hivyo kama wiki tatu. Kisha siku moja hakuja, wala siku iliyofuata. Alikuwa ameacha kuuliza kuhusu meno, na polepole nikagundua ameacha kuniuliza mambo mengine pia: kwa nini kuku hana mikono, mama wa kwenye simu anakula nini. Maswali yake yalikuwa mengi kabla ya hapo, yakinichosha. Nilianza kuyakumbuka.

Mwili wake ulipata nafuu, sitasema uongo. Maumivu yaliisha, akala mukimo wa viazi na mahindi, akanenepa mashavu. Nilijishikilia kwenye kilo zake. Lakini watoto wa ploti walikuwa wamempa jina. Walimwita Kibogoyo. Na mpangaji mmoja, mwanamume wa utani mwingi, alisimama mlangoni kwangu Jumapili moja akasema, "Huyu amechukua jina la nyanya na meno ya nyanya." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu alikuwa jirani mwema na hakukusudia ubaya. Nilipotazama chini nilimwona mtoto akinitazama mimi, si yeye. Alishika pindo la gauni lake akalipandisha hadi puani. Tangu siku hiyo pindo hilo lilikuwa ndilo mlango wa mdomo wake.

Binti yangu aliruhusiwa kupiga simu Ijumaa, saa moja hivi ya mapumziko. Ilikuwa simu ya kuonana. Sikumwambia habari za meno. Wiki ya kwanza nilijiambia nisimtie wasiwasi akiwa kwa watu. Wiki ya pili niliona aibu ya kutosema wiki ya kwanza. Basi nikawa nashika simu juu kidogo ili aone macho na paji la uso la mtoto.

"Mami, nichekee," alisema.

Mtoto alitikisa kichwa.

"Ana haya siku hizi," nilisema. "Anakua."

"Amenisahau, Mama. Sema tu ukweli."

"Hajakusahau."

Nilimwacha akae na wazo kwamba mwanawe amemsahau, na nilikuwa na ukweli mkononi ambao ungemwondolea wazo hilo. Hili ni mojawapo ya mambo ninayoyarudia sana.

Januari nilimwandikisha chekechea kwenye shule ndogo ya kibinafsi hapo hapo Mwihoko, ya mabati yaliyopakwa rangi na bembea moja uani. Mwalimu wake alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akiishi Kahawa Wendani. Wiki ya kwanza aliniuliza langoni, "Mwalimu, meno ilikuwa nini?" nikamwambia yalioza, yakang'olewa. Alisema pole. Hakuuliza la ziada.

Muhula wa pili walijiandaa kwa siku ya wazazi. Kila mtoto alipewa tunda la kutaja mbele ya watu, na mjukuu wangu alipewa ndizi. Siku ya kwanza ya mazoezi alisema, "Mimi ni ndithi," na darasa likacheka hadi likashindwa kutulia. Alikaa chini, akavuta pindo, na siku mbili hakutoa sauti yoyote shuleni. Nyumbani pia hakusema sana, aliashiria tu.

Siku ya tatu nilipomfuata jioni, yule mwalimu alinivuta kando.

"Nimempa embe," aliniambia. "Nilikaa nyumbani nikijisemea matunda yote mbele ya kioo. Embe halitaki meno. Linatumia midomo tu."

Nilifundisha lugha maisha yangu yote na sikuwahi kukaa mbele ya kioo kwa ajili ya mtoto mmoja.

Siku ya wazazi ilipofika, nilikaa kwenye benchi la tatu. Mjukuu wangu alivalishwa kofia ya karatasi ya manjano. Alisimama muda mrefu, na mwalimu wake, aliyekuwa amechuchumaa pembeni, akatamka neno kwa midomo bila sauti. Mtoto akamtazama, akashusha pindo, akasema kwa nguvu, "Mimi ni embe." Watu walipiga makofi. Halafu, kwa kuwa makofi yalimshtua na kumfurahisha, akacheka, mdomo wazi, pengo lote nje, mbele ya kila mtu.

Mtu alikuwa akirekodi. Video ilitumwa kwenye kundi la wazazi kwenye simu, na binti yangu alikuwa humo. Alikuwa amemwomba mwenye shule amwingize. Alinipigia jioni ile ile, ingawa haikuwa Ijumaa.

"Mama, meno ya mami yako wapi?"

Nilikuwa nachambua mchele. Niliweka ungo chini. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na muda ulikuwepo, hata mtoto alikuwa nje.

"Alianguka," nilisema. "Kwenye bembea ya shule."

"Lini?"

"Kitambo kidogo. Sikutaka uumie."

"Meno yote hayo? Na hao walimu walikuwa wapi?"

Sikujibu. Nilidhani kutojibu ni afadhali kuliko kuongeza uongo. Alikata simu, na mimi nikarudi kwenye mchele. Nilijua tangu hapo kwamba ule uongo ungetoka nyumbani kwangu uende kwa mtu mwingine, lakini nilijiambia ni simu tu, hasira ya mtu aliye mbali hupoa.

Jumatatu iliyofuata nilimfikisha mtoto langoni, tukamkuta mwalimu mwingine. Mtoto alisimama. Nilimuuliza yule mpya mwenzake yuko wapi, akasema hayuko tena. Mjukuu wangu hakulia. Aligeuka akashika sketi yangu, tukarudi nyumbani. Siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa, alikataa kuvaa sare. Mama wa mboga ndiye aliyenipa habari: mzazi mmoja wa ng'ambo alimpigia mwenye shule akatishia kuandika kwenye kundi kwamba shule ilimvunja mtoto meno na kuficha. Yule mwalimu alisema mtoto alikuja hana meno. Hakusikilizwa. Aliambiwa Ijumaa asirudi.

Nilichukua siku tatu kwenda. Nazitaja kwa sababu katika siku hizo nilipika, nikafua, nikaenda kanisani kwa mkutano wa akina mama, na nikaongoza sala.

Mwenye shule alikuwa mwanamke wa makamo, alinipokea ofisini kwa heshima. Nilimwambia kila kitu: chai, chupa, kliniki ya Thika, uongo. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Mwalimu, wewe umefundisha," alisema nilipomaliza. "Wazazi unawajua. Kundi likichafuka wiki moja, nusu ya watoto wanahama."

"Lakini sasa unajua hakukosa. Mrudishe."

"Nimeshaweka mwingine. Nikimtoa huyu nimwambie nini?"

Nafikiri alijua tangu mwanzo. Ana macho, alimwandikisha mtoto yeye mwenyewe, alimwona mdomo. Alihitaji mtu wa kutoa ili kelele ziishe, na mimi nilimpatia sababu. Alinipa namba ya yule mwalimu bila ugumu wowote, ndipo akanisindikiza hadi langoni.

Nilimpigia nikiwa nimesimama kando ya barabara. Nilijitambulisha, nikasema mimi ndiye niliyesema uongo, nikaomba msamaha. Nyuma yake nilisikia mtu akiita bei za kitu sokoni.

"Nimesikia, Mwalimu," alisema. "Asante kwa kunipigia."

"Ningependa kukusaidia upate mahali. Ninawajua walimu wakuu Thika."

"Nitaona." Kisha akauliza, "Anaongea?"

"Nani?"

"Mtoto. Bado anaongea?"

Nilimwambia hapana, si sana. Akasema, "Mpeni maneno ya midomo kwanza. Baba, mama, embe. Asilazimishwe." Akaniaga. Nilimpigia tena mwezi uliofuata nikiwa nimempatia nafasi kwenye shule moja, lakini namba haikupatikana, na watu wa Wendani walisema amehama.

Binti yangu nilimwambia Ijumaa. Nilimtoa mtoto nje, nikaegemeza simu kwenye kikombe ili aone uso wangu wote, nikasema. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Chai ya sukari," alisema mwishoni.

"Kwa chupa. Ulipoondoka hakulala."

"Ungeniambia tu, Mama. Ningekasirika siku moja, nipoe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Yule mwalimu nilimtukana. Nilichukua namba yake kwenye kundi nikampigia nikamtukana mamake. Alikuwa ananiita dada, anajaribu kunieleza."

Nilikisogeza kikombe kidogo ili simu isiteleze.

"Mtoto wangu alipokataa kunichekea nililia hapa miezi yote hiyo," alisema. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Mkataba wake ulipokwisha hakuongeza mwingine. Alirudi Desemba. Nilikuwa nimemwandaa mtoto, nikamwogesha, nikamvalisha gauni jipya. Mama yake aliingia na sanduku, akapiga magoti kwenye simenti, akanyoosha mikono. Mtoto alimtambua, nina hakika. Alisogea hatua mbili. Halafu akavuta pindo hadi puani.

"Mami, toa nikuone," mama yake alisema. Mtoto alitikisa kichwa. "Toa tu, ni mimi." Alimshika mkono akaushusha, na kwa kidole gumba akainua mdomo wa juu, polepole, ili aone. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kujua kilichotokea kwa mwanawe. Lakini mtoto aliganda, macho juu, mikono imenyooka kando, na mkojo ukamtoka ukashuka kwenye soksi zake mpya. Binti yangu aliondoa mkono kama aliyeungua. Akaketi chini pale pale kwenye maji yale.

Alikaa nami wiki mbili, kisha akapanga chumba Githurai 45, akaanza kuuza viatu vya mitumba. Alimchukua mtoto. Hakunigombeza wakati wa kufungasha. Alikunja nguo moja moja, akaniuliza kama koti lile ni la mtoto au la jirani. Nilipomwambia naweza kumlea wiki za kazi, alisema, "Hapana, Mama. Pumzika." Alisema kwa adabu, ile adabu ya mtu ambaye hataki kitu kutoka kwako.

Naenda kuwaona mara moja kwa mwezi, au miezi miwili ikipita. Mtoto sasa ana miaka saba na nusu. Meno ya mbele yameota, makubwa, meupe. Yale ya kando yamejibana yakapandana, na nafasi ya magego imeshaanza kuzibwa na ya nyuma yaliyoegemea. Binti yangu alimpeleka kwa daktari mwingine, akaambiwa kuna waya za kunyoosha, lakini huo ni uwezo wa watu wengine. Matamshi yake yamerudi karibu yote. Anaweza kusema ndizi. Anaposema, husema mara moja, kwa sauti ndogo, akitazama pembeni, na akiulizwa tena hunyamaza. Wataalamu pengine wana maelezo yao. Mimi naona tu kwamba miaka ile mtoto anapojifunza kuzungumza na watu, yeye alijifunza kunyamaza, akajifunza vizuri, na sasa meno yapo lakini kilichokuwa nyuma yake hakitoki.

Mwezi uliopita nilimkuta peke yake, mama yake ameenda kuchukua mzigo. Nilimletea njugu. Aliniamkua kama inavyopasa, akanipa kiti, akarudi kuandika hesabu zake. Nilikaa. Nilimuuliza kuhusu shule, kuhusu marafiki, kuhusu kanisa. Alijibu eeh, au hapana, au sijui. Mezani palikuwa na ripoti ya muhula na nikaomba kuiona. Alama zilikuwa nzuri. Chini, mahali pa maoni, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa wino wa buluu: Mtoto mtulivu sana, hana shida.

Niliandika maneno hayo kwenye ripoti nyingi. Niliyaandika mwisho wa muhula, nikiwa nimechoka, kwa watoto ambao sauti zao sikuzijua na ambao sikuwahi kujiuliza wana nini. Niliirudisha ripoti pale ilipokuwa. Mjukuu wangu alinyoosha mkono akaiweka sawa na ukingo wa meza, akaendelea na hesabu, na nilingoja hadi mama yake aliporudi.